Papa, Nimeukuta Waya wa Jikoni

Papa,

Ni mimi, Esperansi, binti yako uliyemfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kusonga bugali. Mvua za pili zinanyesha tangu tukuzike hapa Kamembe, na kule ng'ambo, Bukavu, vita haijaisha. Mfuko wako wa vifaa ninao. Mwanzoni watu walikuwa wakinifungulia mlango wanachungulia nyuma yangu: "Na fundi mwenyewe iko wapi?" Sasa wamezoea. Nusu nusu.

Nakuandikia kwa sababu nina swali, na wa kunijibu ni wewe tu. Lakini ngoja kwanza nikueleze.

Unaikumbuka zahanati ya masista, ile ya wazazi, juu ya ziwa kule Cyangugu. Mwaka huu wamepewa mashine ya kufulia. Wameiweka kwenye kile chumba kidogo cha mwisho ambamo zamani wanawake walikuwa wanazalia. Mfuaji wao ni Maman Zawadi, mjane wa Bukavu, anayevuka daraja la mpakani kila asubuhi. Ungeona mikono yake, Papa. Shuka za damu za miaka yote zimeipasua kama udongo wa kiangazi. Mashine ilipofika alicheza mbele yake.

Furaha haikumaliza wiki. Mashine ilikuwa inajaza maji, inazunguka vizuri, halafu inazimika katikati na prizi inanuka kuungua. Walibadilisha prizi mara mbili, ikaungua mara mbili. Kibaya zaidi, Maman Zawadi akigusa mlango wa mashine kwa mkono wenye maji, umeme unamuuma. Siku moja ulimtupa chini. Sista mkubwa hakumwamini. Alidhani anamwaga maji ovyo na sasa anatafuta visingizio, akamwambia mwisho wa mwezi atafute kazi mahali pengine.

"Ile mashini inaniuma, binti yangu," aliniambia siku waliyoniita. "Banasema niko mwongo. Nidanganye juu ya kitu yenye inanisaidia?"

Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema: muntu akikwambia umeme unamuuma, mwamini kwanza, halafu ndiyo upime. Basi nikamwamini. Nikatoa ile taa yako ya kupimia, balbu yenye nyaya mbili, nikachomeka kwenye prizi. Ikawaka vizuri kabisa. Sista akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo karibu nikusanye vifaa nirudi nyumbani. Lakini wewe ulisema taa haidanganyi, ila inajibu swali uliloiuliza tu. Mimi nilikuwa nimeiuliza kama umeme upo. Sikuiuliza kama unatosha. Nikaifunga taa pembeni ya prizi, nikachomeka na mashine, nikaomba kiti. Tukakaa watatu tunaitazama balbu kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Maji yakajaa, taa inang'aa. Ngoma ikazunguka, taa inang'aa. Mashine ilipoanza kuchemsha maji, taa ikafifia mpaka ikawa nyekundu kama kaa la moto. Maman Zawadi akapiga makofi: "Ona! Inakufa!"

Nilizima haraka. Prizi haikuwa na kosa, ilikuwa inateswa tu. Nikakata umeme kwenye mita, nikafuata waya ukutani kwa kidole hadi juu ya mlango, kwenye boksi lililopakwa rangi juu yake mara nyingi hata halionekani. Nikapanda ngazi, nikalifungua.

Papa, nilijua mkono ule kabla sijafikiri. Nyaya zimesokotwa mara saba, kisha zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nani mwingine anafunga hivyo? Mpira ulikuwa umeyeyuka, na kiungo kimekuwa cheusi. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, wa nyuzi mbili tu. Waya wa tatu, wa kupeleka umeme ardhini, haukuwapo kabisa. Ndiyo maana umeme ukivuja ulikuwa unapitia kwa Maman Zawadi.

Nilishikwa na haya pale juu. Wewe uliyenipiga vidole kwa kiungo kilicholegea! Nilitaka kurudisha kifuniko, niseme tu waya umezeeka. Ndipo nikaona vidoa vya rangi ya kijani kwenye waya. Kijani cha jikoni kwetu. Nilipaka mimi, nikamwagia mpaka na waya wa taa, ukanigombeza.

Unakumbuka ulivyotuambia waya ule umeliwa na panya? Tukapika gizani miezi kadhaa.

Mzee mlinzi, yule aliyepo tangu zamani, ndiye aliyenieleza. "Ilikuwa ule wakati batu banamiminika kwa daraja na magodoro kichwani," alisema. "Papa yako alikuja kutengeneza radio ya basista. Akakuta maman moja anazala kwa mushumaa. Aliacha radio, akaenda. Alirudia na waya kwa bega. Yule mtoto alizaliwa kwenye mwangaza."

Kwa hiyo waya ulikuwa wa taa moja na radio. Hakuna aliyekuambia kwamba siku moja waya huo utabebeshwa mashine ya kuchemsha maji.

Nilimweleza Sista yote, na kwamba mkono ule ni wa baba yangu. Unisamehe. Ningenyamaza, lawama ingebaki kwa Maman Zawadi. Sista akaenda kumwomba radhi mbele ya wauguzi. Nikavuta waya mpya, mnene, wa nyuzi tatu, moja kwa moja toka kwenye mita, na nikapigilia fimbo ya shaba ya kuushusha umeme ardhini, nyuma ya chumba, pale udongo usipokauka. Siku ya kujaribu, Maman Zawadi alivua viatu, akaweka viganja viwili vyenye maji juu ya mashine. Akanitazama. Akacheka mpaka akakaa chini.

Swali langu ni hili: kwa nini panya? Kwa nini hukutuambia kweli? Nilimuuliza Mama. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua macho. "Panya gani anakula shaba?" akasema. "Nilijua siku ileile. Nilimwacha tu, maana alikuwa na furaha."

Sijui kama hilo ni jibu lako au lake. Nitaendelea kujiuliza.

Pumzika, Papa wangu. Mimi nakuahidi jambo moja: ndani ya kila boksi nitakalofunga nitaandika kwa kalamu, waya huu ni wa nini na usibebeshwe nini. Ili atakayepanda ngazi baada yangu asihangaike kama nilivyohangaika, akidhani aliyetangulia hakujua kazi.

Binti yako,
Esperansi