Baba Anapaka Anga Zambarau

Mpendwa Bi Clelia, nisaidie maana akili imegota, baba yangu Ottorino amechora mandhari za jukwaa la opera hapa Parma tangu sijazaliwa, yeye hupaka picha ndogo kwa rangi za maji kisha mafundi wanaikuza kwenye kitambaa kilichotandikwa sakafu nzima, sasa macho yamemwisha, rangi anazichanganya, na majuzi alinipa nipeleke karakana picha ya anga la jioni, zambarau tupu, akidhani ni kijivu, zambarau, Bi Clelia, jukwaani! Unawajua waimbaji wetu, wakiona hata skafu ya zambarau wanageukia mlangoni, kwao ni mkosi. Niliogopa watamcheka, nikaketi jikoni nikaichora upya kwa kijivu, nikatia sahihi yake, na mkuu wa mafundi, Gualtiero, akasema, "Mzee bado mkono anao!" Nilipompelekea baba sifa hizo alicheka mpaka akakohoa. "Unaona, Ersilia? Mlitaka kunizika mapema." Kwa sifa hizo wamempa kazi nyingine, na Jumatatu anataka kuipeleka picha mwenyewe, mbele ya waimbaji wote. Nimeiona mezani. Ni zambarau juu mpaka chini. Niibadilishe tena kwa siri, au nimwambie? Nikimwambia nitamuua.

Ersilia, Parma

Ersilia, pole. Pole sana, mwanangu, na sasa nisikilize. Eti utamuua! Hukumsitiri baba yako, ulimnyima nafasi ya kuacha kazi kwa heshima yake. Ulimwogopea yeye? Kidogo. Zaidi uliogopa kumwona analia.

Picha usiiguse. Leo, kabla ya chakula cha jioni, kaa naye useme, "Baba, hii ni zambarau." Umwambie na habari ya ile ya kwanza. Atakurushia brashi, atakuita mwizi, pengine atakununia wiki nzima. Vumilia, umeyataka mwenyewe. Macho hayatarudi, na hilo huna la kulifanya. Lakini asije akazipata habari hizo kwa mwimbaji anayekimbilia mlangoni.

Kisha aamue yeye. Akitaka kuendelea, achore mistari, wewe upake, na sahihi ziwe mbili. Akitaka kuacha, mshike mkono hadi kwa Gualtiero akaage kwa kinywa chake, nawe ufunge mdomo.

Na akikuuliza kama ile waliyoisifu ilikuwa nzuri kweli, usijishushe ili kumpoza. Mjibu: ndiyo baba, ilikuwa nzuri, na niliichora mimi.