Wiki Tuliyomwaga Josho

Jumatatu, 2 Novemba 1992

"Maji yanayokimbia hayashiki sumu." Maneno ya Bwana Mwaseba, juzi Jumamosi, mbele ya mkutano mzima wa kijiji. Mwuza dawa za mifugo pale Tukuyu, amesimama na koti lake la mjini, anatufundisha tabia za maji.

Hayashiki, sawa. Yanabeba. Ndiyo kazi yake maji, kubeba. Yanabeba udongo wa shamba langu, yanabeba majani, yanambeba mlevi akivuka vibaya. Kijito chetu kinapita chini tu ya josho la kuogeshea ng'ombe. Mvua kubwa ikinyesha josho linafurika, na likifurika vyura wananyamaza kwa wiki nzima. Nilimwambia: Bwana Mwaseba, kama hayashiki, shuka pale chini na kikombe, sisi tutakusubiri. Watu wakacheka. Akakaa.

Dawa ile ya zamani inaua kupe. Inaua na samaki, na nyuki, na hata ndama akiinywa kwa bahati mbaya wakati wa kuogeshwa. Ipo mpya isiyo kali hivyo. Zamani serikali ilituletea dawa na mtu wa kuisimamia. Siku hizi soko huria, serikali imejitoa, josho tumeachiwa wenyewe, na Mwaseba ana ghala lililojaa madebe ya dawa ya zamani anayotaka tummalizie.

Halmashauri inakaa Jumatano ya wiki ijayo kupitisha sheria ndogo ya maji: dawa ya zamani marufuku, majosho yote ya wilaya yabadilishe. Nimeipigania sheria hii tangu nilipopunguzwa kazi ya kufundisha wakulima kule ushirika. Nimewaandikia madiwani, nimewaandikia magazeti, nimegombana na watu barazani kwao. Na kijiji chetu hakikungoja. Mwenyekiti wa kamati ya josho, Mzee Gwamaka, aliisoma makala yangu mkutanoni mwanzo hadi mwisho. "Imwageni Sumu Hii." Mikono ikapanda yote.

Nimeshinda. Na kwa kuwa hapa hakuna wa kunisuta: nilifurahi zaidi kumwona Mwaseba akikaa kuliko nilivyoyafurahia maji.

Jumanne, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimemenya ndizi, nimechuma chai kidogo mvua ilipopungua. Mume wangu Ambakisye amekwenda Mbeya na ndizi, atarudi Jumamosi. Wakati anaondoka alisema, "Ukishinda uwe unanyamaza kidogo, Mama Ipyana." Nimeanza makala nyingine. Ni kali kuliko ya kwanza.

Jumatano, 4 Novemba

Mzee Gwamaka amepita kwangu mchana, suruali imekunjwa hadi magotini, uso unang'aa.

"Ndaga fijo, asante sana, mwalimu. Josho jeupe. Tumemwaga kama ulivyoandika."

Nikamuuliza wamemwaga wapi.

"Chini." Akanitazama kama niliyeuliza jua huchomoza upande gani. "Kwani maji hupanda?"

Vijana walichimba mfereji kutoka josho hadi kijitoni. Wakatoboa ukuta kwa sururu. Kilichobaki wakakichota kwa ndoo. Josho zima, dawa ya miaka na miaka, imekwenda kwa mchana mmoja. Waliimba wakati wa kazi. Nilizisikia nyimbo, nikadhani ni harusi.

Alipoondoka niliitafuta makala nikaisoma. Nimemtaja Mwaseba. Nimetaja soko huria, nimetaja nchi zilizoacha dawa hii na kutuuzia sisi masalio. Imwageni, imwageni, kila aya. Hakuna sentensi moja inayosema wapi.

Nilielewa palepale, kabla hajaondoka, amesimama mbele yangu na matope miguuni. Ningeweza kusema. Nilisema, "Hongereni."

Alhamisi, 5 Novemba

Samaki wameelea. Kijito chote kuanzia daraja la miti kushuka, perege wa mabwawa na wale wadogo wa mtoni, matumbo juu. Watu wamejaa na vikapu. Furaha tupu, wanataniana, mtu anasema Bwana Yesu amerudi kuvua. Jirani ameniletea bakuli zima. Nimemshukuru. Nimewatupa chooni.

Sijasema kitu.

Sababu ninayo, na iandikwe: nikisema, Mwaseba atasikia kabla ya jioni. Jumatano atasimama mbele ya madiwani aseme, tazameni mabadiliko yao, yameua samaki wote. Sheria itakufa. Na sheria hii ni ya vijito vyote vya wilaya. Nikajiambia, samaki wataoza wenyewe kesho, watu wataacha. Nyamaza hadi Jumatano.

Nimewahi kuwaita viongozi wauaji kwa hesabu za namna hii.

Ijumaa, 6 Novemba

Nimekwenda Tukuyu kununua mafuta ya taa. Sokoni, Mama Zuhura, yule mama ntilie anayenisomea magazeti yangu kabla sijayamaliza, ana karai limejaa perege. Wamekaangwa vizuri. Watu wako kwenye foleni. Amewanunua asubuhi kwa wanawake wa huku kwetu.

Nikamvuta pembeni nikamwambia.

Hakukawia. Alilibeba karai na mafuta yake yote akaenda kulimwaga shimo la taka nyuma ya choo, akarudi, akawaambia wateja leo hakuna, nendeni kwa Mama Neema mkale maharage. Kisha akakaa kwenye kigoda chake.

"Nani kamwaga dawa?"

Kamati, nikasema.

"Na kamati kaiambia nani?"

Nikatazama ukutani kwake. Amesoma makala ile. Aliikata akaibandika kibandani kwake, ipo pale ukutani.

"Mwalimu," akasema, "kalamu yako ina mdomo. Wewe huna. Rudi ukawaambie wa kwenu."

Nimerudi. Na hapa ndipo nilipofanya jambo baya kuliko yote. Kila niliyekutana naye njiani nilimwambia: msile wale samaki, wana ugonjwa. Ugonjwa. Sikusema sumu. Sikusema josho. Sikusema maji. Nilitafuta neno litakalookoa watu na sheria yangu pamoja, nikalipata, nikajiona mjanja.

Baba mkwe wangu anakaa kule chini karibu na kijito, yeye na ng'ombe wake mmoja. Wifi yangu anayempikia amekwenda msibani Kinyala. Kwetu mke hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, wala hamsemeshi. Akimwona njiani anaingia migombani hadi mzee apite. Wengi waliosoma wameiacha desturi hiyo. Mimi sikuiacha, kwa sababu yeye hakuiacha, na miaka yote ya ndoa yangu tumeheshimiana hivyo, tukizungumza kupitia watu. Nimesimama kwenye mpaka wa shamba lake hadi akapita mama mmoja na kuni. Nikamtuma: mwambie mzee, mkwe wako anasema usile samaki.

Nikamsikia akijibu kutoka ndani kwamba amesikia, na kwamba anashukuru.

Nikaenda nyumbani. Nilikula vizuri.

Jumamosi, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa Ambakisye.

Ameshuka kwenye basi asubuhi, akapitia kwa baba yake kabla ya kuja kwangu. Amemkuta sakafuni, ametapika, mikono na miguu inarukaruka yenyewe. Zizini ng'ombe amekufa, povu mdomoni. Wanaume wanne wakambeba mzee kwa machela hadi hospitali, Tukuyu. Mimi nyuma yao, mbali, kama inavyotakiwa.

Nilikaa nje ya mlango wa wodi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikasikia yote.

Daktari akauliza amekula nini. Ambakisye akasema, viazi. Daktari akauliza, hakula wale samaki? Huku wameletwa watu wawili tangu jana, wanatapika.

"Hakula," Ambakisye akasema. "Alikuwa nao, akawatupa. Mke wangu alimkataza."

Daktari akaacha kuandika.

"Kwa nini alimkataza? Alijua nini?"

Mzee aliwatupa samaki kwa sababu mkwe wake amesema. Kisha akachota maji kwenye kidimbwi chake kando ya kijito, kama kila siku, akanywa, akamnywesha ng'ombe. Hakuna aliyemwambia asinywe. Mimi sikumwambia.

Nikasimama. Nikasukuma mlango.

Sijawahi katika maisha yangu kuwa chumba kimoja naye. Alinisikia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hivi kwamba hakuweza kushika kitu, lakini aliikamata shuka, akaivuta polepole, akajifunika uso. Si kwa hasira. Alijifunika ili mimi niweze kuingia.

Nikamwambia daktari jina la dawa. Nikamwambia josho, mfereji, siku, maji. Nikamwambia nimejua tangu Jumatano. Nilisema mambo yote hayo mbele ya shuka nyeupe inayopanda na kushuka. Ambakisye alikuwa ananitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Daktari akasema afadhali wamejua ni dawa gani. Akaenda haraka.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani nimeomba nafasi baada ya matangazo. Nimesema. Msinywe maji ya kijito, msinyweshe mifugo, msifue humo, chemchemi ya juu ni salama. Ni sumu ya josho. Si ugonjwa, niliwadanganya. Nimesema nani aliyeandika imwageni. Walikuwa wanajua, walikuwa na makala mikononi wiki iliyopita, lakini nilitaka kulisema kwa mdomo wangu. Mjini Mama Zuhura alikwishasema kila mahali, na msikitini walitangaza tangu Ijumaa jioni. Yeye hakuwa na sheria ya kulinda.

Mzee Gwamaka amekaa benchi la nyuma ameshika kichwa. Nilipompita akasema, taratibu, "Mwalimu, ungetuambia tu pale pale." Hakuongeza. Ni vijana wake waliobeba ndoo. Mmoja ngozi ya mikono inambabuka.

Mwaseba alikuwa nje. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Hakucheka.

"Mimi niliuza," akasema. "Wewe ukamwaga. Tugawane."

Jibu lipo. Nilipofika nyumbani nilikuwa nalo limekamilika, lina makali pande zote mbili. Nimelimeza. Sikumrudia.

Jumatatu, 9 Novemba

Baba mkwe amekunywa uji. Mikono bado inarukaruka.

Ambakisye hajanisemesha tangu hospitali. Leo amesimama uani na jembe, mgongo kwangu.

"Nimfukie wapi?"

Ng'ombe.

Nikasema, mbali na maji, juu kule kwenye mawe. Akaenda. Alichimba hadi jioni peke yake. Nilipompelekea chakula alikipokea.

Jumanne, 10 Novemba

Mzee amerudi kwake. Wifi yangu ametoka msibani na anamwuguza. Amekuja asubuhi kuchukua ndizi, akanipa salamu alizotumwa.

"Baba anasema: mwambie mkwe wangu ile shuka ya hospitali ilikuwa nzito. Hakusikia kitu."

Nimeshukuru. Nimekaa jikoni muda mrefu. Alisikia kila neno. Ningependa asinihurumie, lakini hilo nalo si langu kuchagua.

Ukungu umeshuka, mlima hauonekani. Wanawake wanapita na ndoo kwenda chemchemi ya juu. Wananisalimu. Fupi.

Makala ile kali nimeichoma. Nimeandika nyingine ya kusoma kesho mlangoni pa halmashauri, madiwani wakiwa wanaingia. Naiandika hapa kwanza ili nisije nikaipamba nikifika mbele ya watu.

Madiwani mtakaokaa leo: msiipitishe sheria hii kama ilivyo. Ni mimi niliyewafuata majumbani kwenu mwaka baada ya mwaka nikiwaomba muipitishe, na ni mimi ninayewaambia. Inasema dawa ya zamani ibadilishwe. Haisemi dawa ya zamani iende wapi. Majosho mengine ya wilaya hii bado yamejaa, na wanaoyatunza ni watu watiifu kama wetu. Mkiwaambia watoe, watatoa, na chini ya kila josho kuna mtu anayechota maji. Mwiteni mtaalamu, mimi si mtaalamu, mimi najua kuandika tu. Wekeni mahali pa kuitupa, wekeni jina la atakayesimama pale hadi mwisho, na waliouza madebe wayachukue yaliyobaki. Halafu pigeni kura.

Lakini kabla hamjakaa kwenye viti, kila mmoja wenu atume mtu kwenye josho la kata yake, awaambie wasubiri.