Mwisho wa Ndoto ya Mpwa Wako

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo, wewe na wifi, na hao wawili wanaokumalizia sukari? Mgongo wako unasemaje siku hizi? Sisi tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio si mzima, na maneno haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu.

Mpwa wako ametimiza miezi mitano bila kuvuta unga. Amenenepa, hata kuninunia ameanza tena. Kilichobaki ni ndoto. Akilala anajiona anavuta, akiamka analia kwa kuamini amevuta kweli.

Mshauri wa kile kituo cha waraibu alimpa dawa ya ajabu: daftari. Mchana aiandike ndoto yote, kisha aubadilishe mwisho wake atakavyo, na auseme huo mwisho mpya kila siku mpaka kichwa kiuzoee. Mimi sikuambiwa.

Kaka, unajua mtoto huyu aliniibia hadi mkasi wa kushonea. Basi nikitandika kitanda chake nikalikuta daftari. Nikasoma: "Nimevuta tena. Mama yuko chumba cha pili, hajui." Sikuendelea. Damu ilinichemka, nikajaza nguo zake kwenye begi, nikaliweka nje na kufunga mlango kwa ndani.

Aliporudi kutoka saluni anakosuka, hakubishana. Nilimsikia dirishani: "Mama, ungegeuza ukurasa." Akabeba begi, akaenda zake kituoni.

Nikageuza. Ameandika: "Nabisha hodi. Mama anafungua, ananiambia ingia mwanangu, maji ya kuoga yako tayari."

Nilimfuata siku ileile, nikamwomba radhi mbele ya mshauri. Alinisamehe, akarudi. Sasa kila mchana ananisomea, na ndoto zimepungua sana. Lakini ule mwisho ameufuta. Katika huu mpya anatoa ufunguo mfukoni, anajifungulia, anajichotea maji. Mimi simo. Mshauri anasema ni dalili njema, mtoto anajifunza kujisimamia. Nami nilimwambia vizuri sana mwanangu, kisha nikakimbilia cherehani nikaikanyaga bila kitambaa, ili asinisikie nikilia.

Mwandikie, kaka. Wewe hujawahi kumfungia mlango.

Nisalimie wifi na wanangu, na shangazi ukimwona. Mungu awalaze salama, nasi atukumbuke.

Dada yako mkubwa, akupendaye siku zote.