Majani Yaliyomlaza Mama

Kaka Wanyonyi,

Sijui ulipo, ndiyo sababu nimempa mtu wa gazeti barua hii aichape, watu wote waisome pamoja na wewe. Wengine wanasema uko Jinja, wengine Kampala, na kuna mmoja aliyeniapia ati ulifia Mbale. Huyo nilimwambia akome. Wewe huwezi kufa bila kunisumbua kwanza.

Santuri yako bado inapigwa kila Jumamosi kwenye duka la Mhindi pale Kitale. Nimeona kwa macho yangu. Watu wanaotoka mashamba ya kule Kwanza kuuza mahindi wanacheza mpaka vumbi linapanda, na ikiisha mmoja anajifuta jasho anasema, "Huyu si ndiye yule mvuta bangi?" Wenzake wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Halafu wanamwomba Mhindi airudie. Watu, bana! Wimbo wanautaka, mwenye wimbo hawamtaki.

Na ulivuta kweli, tusidanganyane. Siandiki ili nikuoshe. Nakumbuka ile dansi ya Kitale uliporudia ubeti mmoja mara tisa, unatabasamu peke yako, mpaka wakakutupia magunzi. Mimi ndiye niliyekubebea gitaa siku hiyo. Nilikugombeza njia nzima, nawe ukanijibu, "Nekesa, ubeti ulikuwa mtamu, sikutaka kutoka." Nilitamani kukuzaba kofi. Mungu alikupa vidole ambavyo hakumpa mtu mwingine Bungoma nzima, na wewe ulikuwa unavichezea.

Kisha Mama akaugua. Unakumbuka daktari alivyotuambia, kwamba uvimbe umeenea tumboni na hana la kufanya, turudi naye nyumbani. Alitupa vidonge, vikaisha. Mama alikuwa hapati usingizi. Alikuwa anakaa kitandani amekumbatia mto, anauma kona ya shuka ili Baba asimsikie, maana Baba alikuwa mzee wa kanisa na watu walikuwa hawakauki uani. Uji akinywa, unarudi. Wewe ulikuja kutoka shambani kwa mzungu ukamkuta hivyo, ukatoka nje, ukarudi kesho yake na majani yale kwenye pakiti kuukuu ya majani ya chai.

"Chemsha kidogo tu na maziwa," ukaniambia. "Usimwambie ni nini."

Nilikataa. Nilikuambia nimeshachumbiwa na mwalimu wa misheni, harusi iko karibu, unataka waniseme ninapika bangi? Ukaniuliza, "Sasa Mama alale, ama wewe uolewe?" Nilikuchukia sana kwa swali hilo. Lakini nilichemsha. Nilimwambia Mama ni majani ya mlimani, akanywa, na jioni ile akaomba ugali. Ugali, Wanyonyi! Akala, akalala mpaka jogoo wakamwamsha. Mimi na wewe tulikaa jikoni tunatazamana kama wezi, tunacheka na kulia.

Uvimbe haukupona. Naandika hivyo wazi, asije mtu akasema nimetangaza dawa ya kuponya. Alipata usingizi na akapata hamu ya kula, basi. Kwa mgonjwa wa aina ile, hiyo ilikuwa karibu kila kitu.

Ile Jumapili ndiyo inayonirudia kila siku. Mama alipata nguvu akatembea mwenyewe mpaka kanisani, na wakati wa ushuhuda akasimama. Alisema, "Ndugu zangu, nilikuwa silali. Mmeniombea, na Bwana amenipa usingizi." Kanisa lilishangilia mpaka mabati yakalia. Baba alilia mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mimi nilikuwa kwenye kwaya nimeinamisha kichwa. Wewe ulikuwa umekaa nyuma kabisa, na ulikuwa unapiga makofi kuliko wote.

Baada ya ibada akina mama wakaja kwetu kumshukuru Mungu. Desturi yetu unaijua: nyumba ya mgonjwa, mwenyeji haachiwi kupika, wageni wanaingia jikoni wenyewe. Mama Sela, yule mke wa karani, akasema, "Wewe kaa, mwanangu, leo chai napika mimi." Nilikimbia kumzuia, nikachelewa. Alikuwa ameshachota kiganja kizima kutoka kwenye pakiti. Angetia kwenye sufuria, na wazee wa kanisa wote wangekunywa chai ya ajabu siku hiyo! Lakini pua ilimwambia. Alinusa, akanusa tena, akapiga ukemi. "Ni bangi! Nyumba ya mzee wa kanisa!"

Wakajaa mlangoni. Baba akaja na Biblia yake mkononi, akauliza, "Hii ni ya nani?"

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mdomo nilikuwa nao. Wewe ulikuwa nje unakaza nyuzi za gitaa, ukanyanyuka taratibu, ukasema, "Ni yangu. Kwani kuna mtu hapa hajui navuta?" Nani angebisha? Hata hawakuuliza swali la pili. Jina lako kubwa lilikuwa limeshajibu kwa niaba yako. Uliniangalia mara moja tu, na nilielewa unaniambia ninyamaze, kwa ajili ya ule ushuhuda wa Mama na kwa ajili ya harusi yangu. Nikanyamaza. Ulinirahisishia, nami nikapokea.

Jumanne askari wa chifu wakaja kukuchukua. Mmoja wao alikuwa ananuka busaa, anapepesuka kidogo, na ndiye aliyekuambia bangi inaharibu watu. Ukapewa miezi sita jela ya Kitale. Baba akakata jina lako kwenye daftari la kanisa na akatukataza kulitaja nyumbani.

Nawe hujui yaliyofuata, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Maumivu yalirudi wiki ile ile. Mama aliniomba, "Nipe yale majani ya mlimani." Nilijua uliyapata kwa nani, yule mfanyakazi mwenzako wa kule Kwanza. Baiskeli ilikuwepo. Sikwenda. Niliogopa kukamatwa, niliogopa mwalimu angeniacha. Nilimwambia Mama majani yameisha mlimani. Aliamini. Alikaa miezi minne anauma shuka, akafa. Wewe hukuruhusiwa kuja kuzika. Ulipotoka ulisimama kwenye kaburi, ukanishika bega, ukaenda zako stesheni na gitaa. Hukunilaumu hata kwa neno moja. Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Miaka imepita. Niliolewa, nimezaa wawili, nafundisha watoto wa Jumapili. Nilidhani nimepona. Kumbe siku ya sherehe ya mavuno akaja mhubiri mgeni, akafundisha juu ya ulevi, akakutaja kwa jina. Akasema, "Mmemwona Wanyonyi. Bangi yake ilimuua mama yake kwa huzuni." Na kanisa lote, Wanyonyi, hao hao wanaocheza santuri yako, wakaitika amina.

Nilisimama. Nikasema, "Mama hakufa kwa huzuni. Alikufa kwa uvimbe, na siku zile alizolala, alilala kwa majani aliyoleta Wanyonyi, na mimi ndiye niliyeyapika. Mlishangilia kwa sababu ya mikono yangu hii. Yeye alifungwa, mimi nikaolewa." Mhubiri akaniambia nikae. Nikamwambia sijamaliza. Nikasema pia kwamba nilimnyima Mama mwishoni, ndipo nikakaa.

Wamenitoa kwenye kwaya, na watoto wa Jumapili nimenyang'anywa. Mama Sela hanisalimii. Mume wangu alininunia siku mbili, siku ya tatu akaomba chai, basi nikajua tutaishi. Sijuti. Siwezi kukuambia bangi ni nzuri, maana iliniibia kaka mchana kweupe. Siwezi pia kusema ni shetani mtupu, maana nilimwona Mama akila ugali. Wakitaka wanitenge kwa maneno hayo mawili.

Nilikukosea, Wanyonyi. Naandika haya gazetini kwa sababu kosa lako lilitangazwa kanisani, na langu lisijifiche chumbani. Unisamehe ukiweza. Usipoweza, bado uje.

Baba siku ile alitoka kanisani kabla ya wote, hakuniangalia. Nilijua nimempoteza. Juzi akaja kwangu na baiskeli yake, akakataa kuingia, akakataa kiti, akasimama pale uani anazungushazungusha kofia yake. Ana mvi kichwa kizima sasa. Mwishowe akauliza, "Yule mtoto anakula wapi?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Basi uliza."

Nakuuliza.

Ni mimi dada yako, uliyeniachia ziwa la Mama,
Nekesa