Jina la Kidole kwenye Bango

Nyumbani, nyuma ya karakana ya Baba,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na kazi inakwendaje huko? Kifua je? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka Mama akaanza kutafuta asali, kana kwamba angeipitisha kwenye waya.

Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, ila jioni akialikwa mahali yanapona yenyewe. Baba bado anapiga randa kutwa nzima na bado hataki kuambiwa apumzike. Mimi sina la kulalamika, isipokuwa nimekukumbuka, tena wiki hii zaidi ya wiki nyingine.

Bendi ipo. Tunafanyia mazoezi palepale karakanani, Jumamosi Baba akishafunga kazi. Tunasukuma makabati ukutani, tunafagia maranda, na bado nikipandisha sauti vumbi la mbao linanipalia. Mchomelea vyuma ndiye yuleyule kwenye dramu, na anakimbia vilevile kama anayewahi basi. Amplifaya yako inakoroma mpaka ipigwe kofi. Harufu ya gundi ikichanganyika na joto la amplifaya, huwa nageuka kutazama pale dirishani ulipokuwa ukikaa.

Sijui kama umewahi kuambiwa hili. Katika ule wimbo wako wa taratibu, pale ulipokuwa ukiingia na solo, hapapigwi kitu. Besi na dramu vinaendelea, gita liko kimya mpaka nafasi ipite. Mara ya kwanza baada ya wewe kuondoka tulifika hapo kila mmoja akamtegea mwenzake, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Wamekuja wapiga gita wazuri wakaomba kuijaza. Baba, ambaye bado ndiye kiongozi wetu, aliwaambia wapige popote wapendapo, ila pale wapaache. Miaka yote hiyo nilidhani ni hasira. Nilikuwepo mlangoni aliposema ukiondoka na hilo gita usirudi kulipiga hapa, na najua maneno hayo hayajakutoka moyoni.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tulikuwa na onyesho jana, katika ukumbi ule wa mabati karibu na stendi, na kama kawaida matangazo niliachiwa mimi. Unamkumbuka mchoraji wa mabango? Hajabadilika. Ukimpa bango la zamani kama mfano, ananakili kila kitu kilichomo, kisha anabadilisha tarehe. Nilimpa moja la enzi zetu ili aone ile picha ya tarumbeta. Siku chache baadaye, Jumamosi ya wiki ya kabla ya onyesho, nikaenda zangu kuzunguka na kipaza sauti juu ya pikapu ya muuza maji, nikitangaza mtaa kwa mtaa mpaka sauti ikakauka.

Kila niliposimama watu walinipungia mikono na kukuulizia, “Kidole amerudi lini?” Nilidhani wananitania. Nilipofika kwa kinyozi nikaliona bango ukutani, rangi imeshakauka: “Kwenye solo, Kidole mwenyewe.” Mji mzima ulikuwa umebandikwa hivyo. Na mbele ya bango alikuwa amesimama Baba, miwani puani, penseli sikioni, akilisoma.

Nilingoja alichane. Alilisoma hadi chini, akarudi karakanani.

Jioni ile kwenye mazoezi nikakuta kiti chako kimewekwa dirishani, kile kilichokuwa kinayumba. Amekitia mguu mpya, akakipiga msasa. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, “Baba, yule mchoraji kakosea. Kaka haji.”

“Najua haji,” akasema. “Kiacheni hapohapo.” Akaenda kutafuta misumari ambayo hakuwa na haja nayo.

Jana ukumbi ulijaa, wengine wakakaa madirishani. Ilinibidi nishike maikrofoni nieleze kwamba uko mbali na kwamba mchoraji wetu hajui kufuta. Muuza viatu akapaza sauti kuwa yeye amekuja kwa ajili yako na anataka maelezo, watu wakacheka, nami nikashukuru kwamba wamecheka. Kisha tukapiga ule wimbo wa taratibu. Kiti chako kilikuwa jukwaani; Baba alikibeba mwenyewe kutoka nyumbani, na ole wake aliyejaribu kumpokea.

Tulipofika kwenye nafasi yako, nilifumba macho kama ninavyofanya siku zote. Nikasikia watu wanaiimba solo yako kwa midomo iliyofungwa, kwanza mama mmoja mbele, halafu safu nzima, halafu ukumbi. Wanaikumbuka yote, hata pale mwishoni ulipokuwa ukichelewa makusudi ili kumuudhi Baba. Nilipofumbua macho Baba alikuwa anajifanya anafuta miwani, kumbe miwani yenyewe ilikuwa bado mfukoni. Alikuwa anafuta macho, Kaka. Sitaki kukuficha.

Leo asubuhi nilikuwa natoka nikamwambie mchoraji aliondoe jina lako kwenye mabango ya onyesho lijalo. Baba akaniita kutoka karakanani, bila kuinua kichwa kwenye mbao. “Mwambie asilifute,” akasema. Nikafikiri nimesikia vibaya. Akarudia, “Lile jina asiliguse. Na maneno yangu yale ya mlangoni, mwambie kaka yako niliyasema nikiwa nimeumia.”

Basi nimekuambia, kama nilivyotumwa. Mengine atakwambia mwenyewe, ingawa ukimngojea kwenye simu utazeeka.

Mama anakusalimu, na anauliza asali utaifuata lini. Mchomelea vyuma anasema ukija uje na uvumilivu. Shangazi naye anakusalimu na kukuombea, na mwalimu wa hesabu, anayetupigia besi, anakutakia afya. Mungu akulinde njiani na kazini, akulainishie kila lililo gumu.

Nilipita kwa mchoraji kabla ya kukaa kuandika. Bango la onyesho lijalo amekwisha kulichora, tarumbeta, ukumbi, na jina lako kwa herufi kubwa kuliko langu. Ameacha wazi mahali pa tarehe. Anangoja tumwambie unakuja lini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Dada Kipaza