Refa Aliyerudi Nyuma

Shirere, Kakamega,
9 Julai 1996.

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na wote walio hapo nyumbani Lugari. Mimi sijambo, isipokuwa kidole cha mguu kilichokanyagwa na njumu. Natumaini mahindi yameanza kubeba na kwamba mgongo haukusumbui sana. Kaka Were mwambie sijamsahau.

Najua binamu Masinde amefika huko na kukuambia eti nilifukuzwa uwanjani na mwanamke. Masinde hupenda kuongeza chumvi, lakini safari hii hakuongeza nyingi. Afadhali unisikie mwenyewe.

Unajua kwamba kila Jumamosi, nikitoka kwa fundi Osiako anayenifunza useremala, mimi huchezesha mechi za vijana wa makanisa. Hatulipwi. Tunapewa soda moja, na matusi bila kipimo. Hata hivyo naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza. Nikishika filimbi, watu wazima hunisikiliza, jambo ambalo kule kwa Osiako sijawahi kuliona.

Jumamosi iliyopita ilikuwa nusu fainali, Lurambi na Lubao. Mechi ikikaribia kuisha, bado hakuna bao, kipa wa Lurambi aitwaye Joash alimwangusha mshambuliaji aliyekwisha kumpita. Nikaonyesha penalti. Ilikuwa penalti halali kabisa, Baba, maana hata Joash mwenyewe hakubisha.

Aliyebisha ni mamake. Ni mjane, kiongozi wa akina mama kanisani, na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Aliingia uwanjani akanijia moja kwa moja, kidole mbele, akasema, "Wewe kijana, si unionyeshe penye alimguza."

Mtu akinijia namna hiyo mimi husimama imara, na akizidi namtoa nje. Siku hiyo nilirudi nyuma. Akasogea, nikarudi tena, macho chini, filimbi nimeificha mgongoni. Tulizunguka karibu nusu ya uwanja hivyo, mimi nikienda kinyumenyume, vijana wakishika mbavu kwa kicheko. Mara akasimama. Alinitazama kwa muda, akavuta leso yake akajifunika mabega, akageuka. Aliwaambia watu wake waache penalti ipigwe. Ikapigwa, ikaingia, na Lurambi wakatolewa na bao hilo moja.

Sasa kamati inasema refa anayeogopa mama wa mchezaji hafai. Jumapili nijieleze, ama nirudishe filimbi. Ningeweza kujiokoa kwa maneno machache tu, lakini si haki kamati iyasikie kabla yako.

Baba, sikumwogopa. Yule ni mama mkwe wangu. Dada yake Joash, Navalayo, ni mwalimu wa nasari, na tumekubaliana kuoana tangu Krismasi. Tulificha, hata mamake hakujua. Ulisema nisubiri mpaka Kaka Were aoe kwanza, nami nikanyamaza nisije nikakukosea. Lakini ulitulea tukijua kwamba mama wa mke hasogelewi wala hatazamwi usoni, naye hujisitiri mbele ya mkwe. Alipoanza kunijia, miguu ilirudi yenyewe kabla sijafikiri. Vijana waliona mwoga. Yeye aliona mkwe, na ndiyo sababu alijifunika.

Navalayo alidhani atagombezwa nyumbani. Mamake alimwuliza swali moja tu: "Babake huyo kijana atakuja lini?"

Swali hilo akaniletea mimi. Nami nakuletea wewe, kwa sababu jibu ni lako. Filimbi wakitaka na waichukue. Itaniuma sana, lakini huyu msichana simwachi.

Nisalimie Mama, na umweleze polepole. Kaka Were naye umwombe asinikasirikie. Mungu awalinde nyote hadi tutakapoonana, na ningeomba iwe huku Lurambi, nyumbani kwa kina Navalayo.

Ni mimi mwanao mtiifu, isipokuwa kwa hili moja,

Barnaba.