Kulala garini kando ya kijito

Marahaba, Nyangeta. Hapa Mwisenge tu wazima, ila babu yako na magoti yake, kila siku malalamiko.

Barua yako imenichosha! Mnalipia kulala ndani ya gari msituni, kando ya kijito, pasipo umeme wala choo, halafu unaniuliza mbebe nini?

Sisi tulilala hivyo bila kupenda. Miaka ile ya uhaba wa sabuni na sukari, lori alilokuwa akiendesha babu yako liliishiwa dizeli tukitoka Kisorya na abiria. Tukasubiri kijitoni, kila mmoja akiapa hana chochote. Asubuhi mama mmoja akashuka kuoga, harufu ya sabuni ikatufikia. Sabuni! Wanawake tukasogea ukingoni tumenuna.

“Mnaangaliaga watu wakioga? Njooni basi!” akafoka, akaikata vipande, akatugawia.

Tulipotakata, mmoja akachomoa sukari kwenye kanga, mwingine majani ya chai. Walikuwa navyo muda wote, watu hawa! Chai ile sijaisahau.

Basi beba sabuni, uiweke mahali itakapoonekana. Na mje mumchukue babu yako. Tangu nimsomee barua yako ameketi mlangoni na begi lake, na magoti hayaumi tena.

Bibi yako